Nusu ya Matinde

1

Karo la kituo chetu cha afya halijawahi kuanguka kifafa. Nina uhakika, kwa sababu kwa miezi minane nililinywesha dawa ya kifafa kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, mililita moja kamili, kisha nikafungua bomba maji yakaisindikiza. Mililita nyingine, ile iliyobaki kwenye sindano, niliichoma kwenye bega la Matinde.

"Hesabu mpaka tano," nilimwambia mwezi ule wa nane, kama nilivyomwambia miezi mingine yote.

"Kwa Kiswahili au kwa Kikurya?"

"Utakavyo."

Akaanza kwa Kiswahili, akafika tatu, nne na tano akazimalizia kwa Kikurya. Alikuwa na miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo, na kila mara alitaka kujua kama sindano ni ileile aliyochomwa mwezi uliopita. Nilimwambia hapana, ni mpya, imepikwa asubuhi hii kwa jina lake. Hilo lilimfurahisha sana. Hakuna kitu kingine duniani kilichokuwa kikipikwa kwa jina lake peke yake.

Mtambo unaopika una jina refu kwenye karatasi za serikali. Sisi tunauita jiko. Unaliingizia kadi ya ukoo, unachagua jina la mgonjwa, linanguruma dakika sita, halafu linatema sindano iliyokwisha kujazwa. Ukishachoma unairudisha tupu kwenye tundu la pembeni, nalo linaipima uzito. Ikibaki na dawa hata tone, taa nyekundu inawaka, na wiki hiyohiyo unapata barua kutoka Dodoma ya kukuuliza ulikuwa unafanya nini. Maji ya karo halipimi. Hawakufikiria kwamba mtu mwenye akili timamu, aliyesomeshwa na serikali, atamwaga dawa ya mtoto.

Nilikuwa bado nimeshika bomba nilipogeuka nikamkuta Bibi Ghati amesimama mlangoni. Kawaida husubiri kwenye benchi la nje pamoja na Mokami, mama yake Matinde, mpaka niwaite. Siku hiyo alijiingiza mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba." Bibi Ghati huitikia mara tatu, tangu nilipokuwa mtoto, na kila moja anaipa nafasi yake. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, "Unamwaga."

"Namwaga."

"Tangu lini?"

"Tangu alipochomwa ile ya kwanza, akalala siku mbili akaamka anaongea kama mlevi."

"Dawa ya ukoo wetu unaitupa karoni."

"Ni nyingi kwake, Bibi."

"Mtoto wa Kisiri, wa ukoo huuhuu, ana kifafa hichohicho. Ni mdogo kuliko huyu na anachomwa yote. Mbona yeye hamwagiwi?"

Matinde alikuwa anavaa sweta lake, mkono mmoja umepotea ndani. Nilimsaidia kuutoa, nikamwambia aende kwa mama yake. Nilipobaki na bibi, nikashusha sauti. "Unajua kwa nini."

"Sijui," alisema. "Na wewe hujui. Ukiniambia unajua, nitakuuliza ni nani amekwambia, na huyo naye nitamfuata nyumbani kwake."

Hapo alikuwa sahihi kabisa kwa taratibu zetu. Bibi Ghati aliolewa na marehemu Nyamhanga, akazaa mabinti watatu, wote wakaolewa mbali. Mume akafa akamwachia nyumba isiyo na mtoto wa kiume. Akafanya ambacho wanawake wa kilima chetu wamefanya tangu zamani: akatoa ng'ombe, akaoa mke. Akamleta Mokami, wakamchagua mwanamume wa kuzaa naye, na mtoto aliyezaliwa akawa wa nyumba ya Ghati na wa ukoo wa Nyamhanga, mwenye shamba na jina na mahali pa kuzikwa. Ndoa ya namna hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Yule mwanamume hatajwi. Mtu akimtaja mbele ya mtoto anatozwa faini na wazee, na nimewahi kuona mtu mzima akilia kwa aibu baada ya kutozwa.

Bibi Ghati alinitazama, akatazama karo. "Nusu inamtosha?"

"Inamtosha. Hajaanguka miezi minane."

"Basi funga mdomo wako, na mimi nimefunga wangu."

Tukafunga midomo, watu wazima wawili, na tukajiona tuna busara.

2

Nisiseme uongo kuhusu Sheria ya Tiba ya Ukoo. Imeokoa watu. Nimeona wazee wa presha waliokuwa wanazimia kila wiki wakirudi kulima. Wazo lenyewe lilikuwa zuri: kila Mtanzania apate dawa inayolingana na damu yake, wala si kidonge kilichopimwa kwa watu wa nchi nyingine ambao hata ugali hawaujui. Tabu ilikuwa idadi. Kusoma ramani ya damu ya mtu mmoja kulichukua mashine siku tatu, na mashine zilikuwa nne. Ndipo mtu mmoja Dodoma akasema, damu si inafuata ukoo? Basi tumsome mzee mmoja kwa kila ukoo, na walio chini yake tuwakisie kutoka kwake. Wabunge wakapiga meza kwa furaha. Sheria ikapita mchana mmoja.

Kwa ukoo wa Nyamhanga alisomwa Mzee Sasi, shemeji yake Bibi Ghati. Akaonekana ana ini la kasi. Maana yake dawa ikiingia mwilini mwake, ini linaimaliza haraka kama moto wa nyasi kavu, kwa hiyo inabidi apewe mara mbili ya mtu wa kawaida ndipo imsaidie. Kadi ya ukoo ikaandikwa hivyo, na kila jina lililo kwenye kadi linapikiwa mara mbili. Mwenye ini la pole akipewa kipimo hicho, dawa haimalizwi. Inabaki, inapandiana juu ya iliyotangulia, mpaka inakuwa sumu.

Na asiye na kadi? Asiye na kadi anaandikishwa kwenye foleni ya kusomwa peke yake. Nilipigia hesabu foleni ya mkoa wetu. Matinde angefikiwa akiwa na miaka kumi na tisa. Dawa za zamani za watu wote, zile za dukani, serikali iliacha kuziagiza mwaka wa pili wa Sheria. Walisema zinachanganya wananchi.

Sasa nifike kwangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Kabla Sheria haijaanza, waliitwa wataalamu wa dawa kutoka kila mkoa, tukakaa ukumbini Dodoma siku nne kupitia fomu. Mimi nilikwenda kwa niaba ya watu wangu. Mwenyekiti alikuwa Dkt. Shemdoe, mkurugenzi, mtu mpole, anayesikiliza. Siku ya tatu tukafika swali la kumi na moja. Akauliza kila mkoa, mmoja mmoja: huko kwenu kuna desturi inayomwingiza mtoto kwenye ukoo bila ya kuzaliwa na damu ya ukoo? Wengine wakataja watoto wa kulea, wakaandikiwa utaratibu wao, wasomwe peke yao na wawe wa kwanza. Zamu yangu ilipofika, bwana mmoja wa takwimu aliyekaa karibu nami akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu ndiye wa kule ambako wanawake wanaoana." Ukumbi ukacheka. Dkt. Shemdoe hakucheka, aliwanyamazisha, akanigeukia akasubiri.

Nikasema, "Kwetu hakuna. Kwetu mtoto wa nyumba ni wa nyumba."

Wakaandika: hakuna.

Nimejitetea mara nyingi kwamba sikudanganya. Ukimuuliza yeyote wa kilima chetu, atajibu vilevile, kwa sababu kwetu damu ya mtoto ni ya nyumba iliyotoa ng'ombe. Lakini wale hawakuniuliza kama Mkurya. Waliniuliza kama mtaalamu, na mtaalamu alikuwa anajua. Kwenye mafunzo, miezi miwili kabla ya kikao kile, tulifundishwa kusoma ramani kwa kusomana wenyewe kwa wenyewe. Yangu ilitoka na ini la pole kabisa, wakati mzee wa ukoo wangu alikuwa ameshasomwa akaonekana ni wa kasi. Bibi yangu alimwoa mama yangu kama Ghati alivyomwoa Mokami. Niliifuta ile ramani, nikamwambia mwenzangu nimekosea kuchukua damu, na tangu siku hiyo sijawahi kumeza chochote kilichopikwa kwa kadi yetu.

Kwa hiyo nilijua. Niliona aibu kwa kicheko cha watu ambao sitawaona tena, nikauza watoto wa kilima kizima.

3

Barua ya pongezi ilikuja wiki mbili baadaye. Kituo chetu kimechaguliwa kuwa bora nchini, kwa sababu kwa miaka mitatu hatujaripoti mgonjwa hata mmoja aliyedhuriwa na dawa ya ukoo. Sifuri. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Sifuri ile niliitengeneza mwenyewe, kwa bomba la maji.

Sherehe ilipangwa Jumanne ya kwanza ya mwezi uliofuata, siku ya sindano ya Matinde. Nafasi yangu angeshika Mzee Mwaluko, mstaafu aliyerudishwa kazini kwa mkataba, mtu wa kunawa mikono mara mbili na kuandika kila kitu. Ningeweza kumwambia. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake nikarudi. Ningemwambia, angeandika, kwa sababu ndivyo alivyo, na akishaandika Matinde anafutwa kwenye kadi, halafu wanakuja wakaguzi kupima kila mtoto wa kilima. Kwa kila nyumba tano kwetu, moja ni nyumba ntobhu. Hao wote wangetolewa wakakae kwenye foleni, wenye pumu, wenye selimundu, wote.

Nikaenda kwa Bibi Ghati. Alikuwa anapepeta ulezi uani.

"Jumanne usimlete," nikamwambia. "Nasafiri. Nitarudi Ijumaa, nitamchoma siku hiyohiyo."

"Na jiko likiuliza?"

"Litatuma onyo tu. Mmoja akikosa, kadi ya ukoo mzima hufungwa, lakini si mpaka zipite siku kumi."

"Onyo linakwenda kwa nani?"

Nikamwambia linakwenda kwa msimamizi wa kadi. Msimamizi wa kadi yao ni Kisiri, mtoto wa Mzee Sasi. Bibi Ghati aliendelea kupepeta, na mimi nikaona hilo ni jibu la ndiyo. Siku tatu za kuchelewa, nilijiambia. Siku tatu zitatuua?

Dodoma walinikalisha mstari wa mbele. Walinipa ngao ya kioo yenye jina la kituo na chini yake maneno: Matukio Mabaya: 0. Dkt. Shemdoe aliishika mikono yangu miwili akasema mimi ni mfano kwamba sera njema ikipata mtumishi mwaminifu haina cha kuizuia. Nilitaka kumwambia pale pale. Mpiga picha akasema tutabasamu, tukatabasamu.

Simu ililia nikiwa kwenye chakula. Ilikuwa Mokami. Katika miaka yote hajawahi kunipigia, kwa sababu huyo dada huzungumza kama anayeogopa kumaliza maneno.

"Dada Wankuru," alisema. "Matinde haamki."

Yaliyotokea nilisimuliwa naye baadaye, na sina sababu ya kutomwamini. Onyo la jiko lilimfikia Kisiri saa tatu asubuhi ya Jumanne hiyo: Mwanachama Matinde hajahudhuria, kadi ya ukoo itafungwa. Baba yake Kisiri anaishi kwa dawa ya moyo inayopikwa kwa kadi hiyohiyo. Kwa hiyo siwezi kusema hakuwa na hofu ya kweli. Lakini pia kuna shamba la bondeni, la Nyamhanga, ambalo Matinde angelirithi akikua, na kama nyumba ya Ghati haina mtu, linahamia kwa kina Kisiri. Alifika uani kwa bibi, majirani wapo, akauliza kwa heshima kabisa.

"Mama mkubwa, kama mtoto huyu ni wetu, anaogopaje dawa yetu?"

Mokami anasema bibi alisimama pale na ungo wake mkononi muda mrefu. Angejibu nini? Akisema mtoto anaumwa tumbo, Kisiri atamleta Mzee Mwaluko nyumbani. Akisema kipimo kimezidi, ataulizwa kimezidije kwake peke yake. Kila jibu lilikuwa linamtoa Matinde kwenye ukoo. Akaweka ungo chini. Akamshika mtoto mkono mwenyewe, wakashuka mpaka kituoni, Kisiri nyuma yao.

Mzee Mwaluko aliwapokea vizuri. Alinawa mikono mara mbili. Alimwambia Matinde ahesabu, maana Matinde mwenyewe alimkumbusha kwamba huwa anahesabu, na alipofika tano sindano ilikuwa bado haijaisha, kwa sababu yeye amezoea nusu. Akamtazama bibi yake kumuuliza kulikoni. Bibi Ghati alikuwa amekaa kwenye kiti, Kisiri amesimama mlangoni.

"Endelea kuhesabu," bibi akamwambia.

Matinde akafika tisa.

4

Nilifika hospitali ya wilaya Jumatano jioni nikiwa na ngao ndani ya begi, nimesahau kuishusha popote. Matinde alikuwa na mrija puani. Alipumua, akasahau, akapumua tena. Dawa ya kifafa hukaa mwilini mwezi mzima. Ini lake lilikuwa halijamaliza ya mwezi uliopita, na juu yake zikaongezwa mililita mbili.

Daktari wa zamu, dada mmoja mwenye macho ya kukosa usingizi, alishangaa. "Kipimo kimelingana na kadi. Sioni kosa. Nimempa dawa ya kuivunja, jiko letu limeipika kwa kadi, lakini ni kama nampa maji."

Nilielewa mara moja. Jiko lilikuwa linaamini ana ini la kasi, litakaloimaliza ile sumu upesi, kwa hiyo lilimpikia dawa ya kupita haraka, ya saa chache, wakati yeye alihitaji ya kudumu siku nzima. Linamtibu mtoto mwingine ambaye hayupo.

Bibi Ghati alikuwa amekaa kitako sakafuni, mkono umeshika mguu wa Matinde juu ya shuka. Nilipiga magoti mbele yake. "Bibi, niruhusu niseme."

"Useme nini?"

"Unajua."

"Wankuru." Aliniita jina, si mwanangu. "Akitoka humu akiwa hai, atarudi kwa nani, ukishasema?"

"Atarudi akiwa hai. Hayo mengine tutayatafuta baadaye."

Mokami aliyekuwa dirishani hakugeuka, ila alisema, na ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwake: "Mama, mwache aseme, mimi ndiye niliyemzaa na ninajua alikotoka."

Bibi Ghati alifumba macho. Nilichukua kule kufumba kuwa ruhusa. Mpaka leo sijui kama ilikuwa ruhusa.

Nikamwambia daktari. Mtoto si wa damu ya Nyamhanga. Ni ini la pole, nina hakika, nimempunguzia dawa miezi minane kwa mkono wangu. Daktari hakunilaumu, hakuwa na muda huo. Alikimbia kwenye jiko, akafungua ukurasa wa dharura, akaandika: mgonjwa hahusiani kwa damu na kadi, naomba kupika bila ramani ya ukoo.

Tukasubiri. Jiko likanguruma kidogo, likanyamaza, likaandika kwenye kioo chake. Nilisoma mara mbili.

Taarifa imepokelewa. Jina limeondolewa kwenye Kadi ya Ukoo wa Nyamhanga. Mgonjwa hana ramani. Aandikishwe kwenye foleni.

"Liandikie tena," nilisema.

Aliandika tena. Likampa namba ya foleni. Akapiga simu Dodoma, akaambiwa mwenye idhini yuko kwenye sherehe za wiki ya tiba. Akaenda stoo mwenyewe kutafuta dawa ya zamani, ile ya watu wote, akarudi na vumbi mikononi na boksi moja la dawa ya minyoo. Baada ya hapo hata ile dawa ya saa chache jiko halikutaka kuipika, kwa sababu Matinde hakuwa tena mtu wa ukoo wowote.

Alikufa Alhamisi asubuhi, wakati wanagawa uji. Safari hiyo alisahau kupumua na hakukumbuka tena.

5

Kaburi lilikuwa limeshaanza kuchimbwa nyuma ya nyumba ya Bibi Ghati, karibu na la Nyamhanga, tulipofika na mwili. Wachimbaji walikuwa wamekaa kando. Kisiri alikuwa amesimama na simu yake mkononi, macho mekundu. Namwamini alikuwa amelia.

Ujumbe wa jiko ulikuwa umekwenda kwa kila simu iliyo kwenye kadi. Matinde ameondolewa. Si wa ukoo. Watu arobaini na tatu walikuwa wameusoma kabla sisi hatujapanda gari.

"Mama mkubwa, mimi sina neno na mtoto," alisema Kisiri. "Sijatamka mimi. Serikali ndiyo imetamka. Tukimzika hapa, kesho wataniuliza kwa nini kadi inasema hivi na kaburi linasema hivi."

Nilitaka kumrukia. Bibi Ghati alinizuia kwa kiganja tu. Hakubishana, hakulia, hakuwaita wazee watoze faini, ingawa Kisiri alikuwa amesema mbele ya watu kile ambacho hakisemwi. Faini utamtoza nani? Dodoma?

Mokami ndiye aliyeniuliza, kwa sauti yake ileile ya chini. "Kwenu kuna nafasi?"

Kwetu kuna nafasi. Nyumba ya bibi yangu imebaki na mimi peke yangu, hakuna wa kupinga. Tukambeba kuvuka korongo, tukamzika pembeni ya bibi yangu, mwanamke mwingine aliyetoa ng'ombe ili nyumba yake isizimike. Watu wachache walikuja. Mzee Mwaluko alikuja na suti yake ya kustaafia, akasimama mbali, na hakuna aliyemweleza alichokosea kwa sababu hakukosea kitu.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, Bibi Ghati alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "Huyu ni Matinde, mtoto wa nyumba yangu." Kisha akanigeukia.

"Hospitalini umesema ya Matinde."

"Nimesema, Bibi."

"Ya kwako umesema?"

Ukimya wangu kuhusu damu yangu ulikuwa uleule wa ukumbini, sikuupunguza wala kuuongeza. Alisubiri muda wa kutosha, akamshika Mokami mkono wakaondoka.

Wiki mbili baadaye ikaja taarifa rasmi kutoka kwa Mamlaka inayosimamia Sheria. Uchunguzi umekamilika. Marehemu hakuwa mwanachama wa ukoo aliotibiwa nao, kwa hiyo kifo chake hakihesabiwi chini ya Sheria. Kituo kinabaki na rekodi yake. Sifuri. Ngao waliniomba niitundike mahali wananchi watakapoiona, na chini kabisa walitaja tarehe ya wakaguzi kuja kilimani kupima watoto.

Niliandika jibu siku hiyohiyo. Niliandika kwamba mimi Wankuru ni mtoto wa nyumba ntobhu, sina damu ya ukoo ulio kwenye kadi yangu, nilijua hilo nilipoulizwa swali la kumi na moja, na nikajibu hakuna. Kwamba sifuri yao ni maji ya karo. Kwamba watoto wa kilima chetu waingizwe kwenye utaratibu wa watoto wa kulea, wasomwe kwanza, kabla ya kufutwa, kama ambavyo ingekuwa siku ile laiti ningefungua mdomo. Niliambatanisha ngao.

Jibu lilichukua siku moja. Jina langu limeondolewa kwenye kadi. Namba yangu ya foleni ni hii. Pendekezo kuhusu watoto limepokelewa na litajadiliwa katika kikao kijacho cha kupitia fomu, ambacho hakijapangiwa tarehe. Ukaguzi uko palepale.

Nikaichukua barua nikavuka korongo kumpelekea Bibi Ghati. Alikuwa uani, na ungo. Nilimsomea yote, ya kwangu na ya kwao. Alisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta, akaingia ndani na ungo wake, akafunga mlango.

Tunakutana mara nyingi, kilima ni kidogo. Kila nikimwona nasimama pembeni ya njia, nainamisha kichwa, nasema shikamoo, Bibi. Anapita. Huwa nasubiri kidogo kabla sijaendelea na safari yangu, kwa sababu zamani aliitikia mara tatu, na zilichukua muda.